Rangi ya Kucha kwa Kome Mia Tatu

Nimestaafu mwezi uliopita. Nina miaka ishirini na mitano. Mama yangu anasema mtu hawezi kustaafu kabla ndevu hazijamtoka vizuri, lakini mimi nimefanya kazi moja misimu sita, nimeimaliza na nimekabidhi vifaa. Kama huko si kustaafu, basi sijui wazee wanatofautiana na mimi kwa lipi, zaidi ya magoti kuuma.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu kome katika mto Kilombero. Wanaoichukua ni Zawadi na Tekla, wanawake wa kijiji cha ng'ambo ya mto. Waliniomba niwaeleze kwa mdomo. Nikawaambia nitawaandikia, kwa sababu kwangu mimi watu wawili tayari ni mkutano. Nimeishia darasa la saba na naandika polepole, kwa hiyo karatasi hizi zimenichukua wiki tatu. Mambo ya mshahara sitayagusa. Cheo sikupandishwa, maana kilikuwepo kimoja na nilikuwa nacho mimi.

Kwa mwingine atakayesoma bila kujua, kome wa kwetu ni mnyama wa mtoni mwenye magamba mawili yaliyofungana kama viganja vya mtu anayesali. Anaishi amejichimbia mchangani, kutwa nzima anachuja maji. Hana macho, hasemi, na hana haraka. Tulielewana mapema.

Mto ukipungua baada ya masika, katikati hutokeza fungu refu la mchanga lililoinuka kama mgongo wa kiboko, na watu wanaliita Mgongo. Maji ya pembeni yake yanafika magotini. Hapo ndipo wanawake wa ng'ambo huokota kome. Nyama wanachemsha, nyingine wanakula na nyingine wanawapa bata, na magamba wanayatwanga kwa ajili ya kuku. Hawainami kutafuta. Wanatembea kinyumenyume wakipapasa mchanga kwa nyayo, na mguu ukimgusa kome, vidole vinamkamata na kumpandisha mpaka mkononi. Kiongozi wao, Mama Kulwa, anafanya hivyo huku akisimulia msiba wa jirani kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusahau nani alipika wali ukaungua. Ana bata zaidi ya arobaini, anawauza Ifakara mjini, na watoto wake pacha, Kulwa na Doto, wanasoma sekondari kwa bata hao. Bata hao hawajui chakula kingine ila kome.

Aliyeniajiri ni mtafiti mmoja mwanamke tuliyezoea kumwita Daktari. Alikuwa daktari wa viumbe vya mtoni, lakini wiki yake ya kwanza aliletewa watoto wawili wenye mafua na mzee mwenye jino. Aliwapa pole. Alichotaka kujua ni kitu kimoja: kila mwaka kome wa Mgongo wanazaliwa wangapi, wanakufa wangapi, na wangapi wanaishia kwa bata. Wakitolewa wengi kuliko wanaozaliwa, siku moja Mgongo utabaki mchanga mtupu. Kamati ya mazingira ya kijiji ilikuwa inasubiri jibu lake. Wakisikia kome wanakwisha, wataufunga Mgongo misimu mitatu, hakuna mguu kukanyaga.

Daktari aliuliza kama yupo kijana anayejua kuandika namba na asiyependa maneno mengi. Kwetu, mtaa wa Viwanja Sitini, wote walinyoosha kidole kuelekea nyumbani kwetu. "Huyu haongei," jirani alimwambia. "Ukimsahau mtoni, hatakupigia simu kukukumbusha."

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Pius, aliyehesabu msimu mmoja kabla yangu akaacha kwa ajili ya magoti. Alikuwa mvuvi wa mtumbwi tangu ujana. Alinikabidhi fremu ya mbao, nusu mita kila upande, chekeche, kipimo cha chuma cha kubania kome, na kaunta buku. Kabla sijaingia majini akanishika bega.

"Unahesabu nini?"

"Kome, mzee."

"Hapana. Kwanza mamba. Mamba wakiwa sifuri, ndipo kome."

Kwa hiyo kila ukurasa wa kaunta buku una safu ya kwanza ya mamba, na msiifute. Katika misimu sita ukurasa mmoja tu una moja katika safu hiyo, na sehemu iliyobaki ya ukurasa huo ni nyeupe. Daktari aliponiuliza kwa nini siku hiyo hakuna kome, nilimwambia safu ya mamba ilikuwa imeshajaa.

Fremu inabebwa kwa baiskeli, na inatokeza pande zote mbili za keria. Kutoka Viwanja Sitini mpaka mtoni niliomba msamaha mara nyingi kuliko padri anavyosikia. Njiani waliniuliza dirisha nauzaje. Mwaka wa pili nikaanza kuivaa shingoni, wakaacha kuuliza, wakawa wanatazama tu.

Utaratibu wa mwanzo ulikuwa kuupa mchanga kisogo na kuirusha fremu nyuma bila kutazama, halafu kuchimba ilipoangukia. Mzee Pius alisema ukitazama unakorusha, utarusha penye kome wengi, maana binadamu anapenda kufaulu. Siku ya kwanza niliirusha ikaingia kwenye ndoo ya Mama Kulwa. Siku ya pili ilimpata yeye mwenyewe kwenye kisigino.

"Kijana," alisema, "kama una jambo na mimi, si useme?"

Sikuwa na jambo. Niliomba radhi kwa sauti ambayo hakuisikia, nikarudia, hakuisikia tena, akanisamehe ili nisirudie mara ya tatu. Daktari alipoona kisigino akaamua mambo ya kurusha yaishe. Tukachomeka vijiti kumi vya mianzi kutoka kichwa cha Mgongo mpaka mkiani, na kila mara tunachimba penye vijiti hivyo. Mzee Pius aliguna. "Sasa dunia nzima inajua tutachimba wapi," alisema. Hatukumsikiliza, kwa sababu alikuwa ameguna pia kuhusu chekeche, kuhusu viatu vya Daktari na kuhusu jua.

Shida ya pili ilikuwa salamu. Wanawake wanaookota kome pale ni ishirini na zaidi, wote wamenizidi umri. Unafika kome wa thelathini na nane, Mama fulani anapita, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu, nyumbani hawajambo? Mama yako mguu?" Ukimaliza mguu, kome wamepotea kichwani. Kutosalimia haiwezekani. Mzee Pius alikuwa na dawa. Weka punje za mahindi mfuko wa kulia, kila kome mmoja hamisha punje moja mfuko wa kushoto. Salimia unavyotaka, mwisho hesabu punje. Ni njia nzuri na naomba muifuate. Ila mtumie mahindi mabichi. Mimi mama yangu alikuwa amenifungia mahindi ya kukaanga, na siku ya tatu kazini nilikula kome kumi na wanne kabla ya saa nne asubuhi. Kwenye kaunta buku ya msimu ule mtaona kijiti cha tano kina alama ya kuuliza. Ndio hao.

Msimu wa pili na wa tatu nilijifunza kupima. Kome mzima ukimshika anajibana na kukurushia maji usoni. Aliyekufa hakurushii kitu, ni ganda. Nilijifunza kusoma mistari ya gamba, jinsi kila kiangazi kinavyoacha mstari wake. Kuna wadogo wa ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na hao ndio wa muhimu, maana ukiona wakubwa watupu ujue ni kijiji cha wazee bila watoto. Nilijifunza pia kwamba kiboko akilala penye kijiti cha nane, kijiti cha nane kinasubiri. Aliwahi kulala siku nne. Niliandika: "Kiboko. Kiboko. Kiboko. Kiboko."

Msimu wa tano Daktari alikuja na njia mpya, na hapo ndipo mambo yaliharibika.

Tatizo la vijiti ni kwamba vinakuonyesha kome wa penye vijiti. Daktari alitaka kujua wote. Alinieleza kwa sufuria ya maharage. Chukua maharage ishirini, yapake rangi, yarudishe, koroga. Halafu chota kikombe. Yenye rangi yakiwa machache kwenye kikombe, maana yake yamezama katika wingi, sufuria imejaa. Yenye rangi yakiwa mengi kwenye kikombe, ujue sufuria inakaribia kuwa tupu. Nililielewa jambo hilo mara moja na nikafurahi siku nzima, mpaka aliponiambia rangi inayoshika vizuri kwenye gamba ni rangi ya kucha, na niende nikanunue.

Kwenye duka moja la mtaa wa Mlabani nilizunguka nje mpaka wateja wote wakaisha. Muuzaji alikuwa dada mmoja mwenye kucha ndefu za kijani.

"Nataka rangi ya kucha," nilimwambia, nikitazama sabuni. "Nyekundu. Chupa sita."

"Sita? Huyo mwanamke ana vidole vingapi?"

"Mia tatu."

 Akafunga chupa kwenye gazeti, akaongeza ya saba. "Mpe hongera," alisema.

Nilipaka kome mia tatu. Kila mmoja alipata doa jekundu, na likikauka namwandika namba yake kwa maka peni. Wanawake waliacha kazi wakasimama kutazama. Tekla, wewe mwenyewe ulinyoosha mkono ukaomba upakwe na wewe, na mimi nikakimbilia kichwani kwa Mgongo. Halafu tukawatawanya kome kila mahali, kichwani, katikati, mkiani, wakajichimbia. Tukasubiri mwezi mmoja na nusu wachanganyike na wenzao. Daktari aliwaambia wanawake waendelee kuokota kama kawaida na wasijali rangi. Aliwaambia kwa ufupi, na wao waliitikia kwa heshima. Katika heshima ile kulikuwa na kitu ambacho hatukukiona.

Kuanzia hapo wanawake waliacha kuniita kijana. Waliniita Mwenye Mali. "Mwenye Mali, shemeji zetu hawajambo huko mchangani?" Nilidhani ni utani wa rangi ya kucha, nikavumilia.

Siku ya kuchimba ilipofika nilifungua kijiti cha kwanza nikakuta kati ya kome kumi, sita wana rangi. Kijiti cha pili, saba. Nilifurahi sana. Binadamu anapenda kufaulu. Sikushangaa kwamba walikuwa wamelala ubavu, mmoja karibu na mwenzake, kama sahani zilizoanikwa, wakati kome kwa kawaida anajisimamisha. Na kijiti cha kumi, mkiani kabisa, nilimkuta namba kumi na saba. Namba kumi na saba nilimwachia kichwani mwenyewe, kwa mkono wangu. Kutoka kichwani mpaka mkiani ni urefu wa viwanja viwili vya mpira. Nikaandika: "Na. 17 anatembea sana."

Daktari alisoma sentensi hiyo mara tatu.

"Una uhakika ni yeye?"

"Ndiyo. Saba yangu ina mkia."

"Kome hatembei hivyo."

"Labda huyu ana safari."

Hakucheka. Alikuwa anafanya hesabu, na hesabu ilikuwa ileile ya maharage. Kikombe kimejaa rangi, kwa hiyo sufuria tupu. Kwa mujibu wa kaunta buku yangu, Mgongo mzima ulikuwa na kome wachache kuliko watu wanaohudhuria harusi. Taarifa ilishafika kwa Mwenyekiti wa kijiji, na mkutano wa kufunga Mgongo ukapangwa baada ya mwezi mmoja. Kwa sababu ya namba kumi na saba, Daktari aliniambia nichimbe tena vijiti vyote kumi kabla ya mkutano, ili tuwe na uhakika kabla hatujawakosesha watu chakula.

Mama Kulwa alishasikia. Nilipofika mtoni hakusimulia msiba wowote. "Mwenye Mali," alisema, "Mgongo ukifungwa, bata siwezi kuwalisha. Nitawauza wote kabla hawajakonda. Kulwa na Doto watarudi nyumbani kupalilia mpunga. Nakuambia ili usije ukasema hukuambiwa." Hakuwa amekasirika, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.  Nilihamisha punje za mahindi kutoka kulia kwenda kushoto bila kome yeyote.

Asubuhi ya kuchimba tena niliwahi mtoni kabla ya upepo. Nilihesabu mamba, sifuri. Nikamwona Mama Kulwa kwenye kijiti cha nne, ameinama. Misimu mitano sikuwahi kumwona ameinama. Kando yake ilikuwepo ndoo, na alikuwa anatoa kome mmojammoja kwenye ndoo na kuwalaza mchangani, doa jekundu juu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umewahi leo."

"Mama, unafanya nini?"

"Nakurudishia wanyama wako."

Nilikaa chini, ndani ya maji. Aliona uso wangu akadhani nina homa. Akaeleza taratibu, kama anavyowaelezea watoto. Mtu akiona ng'ombe mwenye chapa porini, anamla? Hamli. Anamsukuma mpaka zizini kwa mwenyewe. Hawa kome wana chapa, tena chapa ya kucha, tena wameandikwa. Kila mwanamke aliyekanyaga mmoja, popote pale, alimweka pembeni kwenye ndoo. Jioni wanamkusanyia mwenye mali mali yake, na alfajiri wanaipeleka kwenye vijiti vyake, maana kila mtu anajua atachimba wapi.

"Nyote?" niliuliza. "Mgongo mzima?"

"Sote. Na tulikuonea huruma. Kila siku unachimba, unachimba, unatoka na wawili watatu. Tukasema huyu mtoto wa watu, na aibu yake yote ile, apate na yeye."

Nikamweleza maharage. Kwa mara ya kwanza maishani niliongea mfululizo mpaka nikasikia koo linauma. Alinisikiliza mpaka mwisho, na ndoo mkononi.

"Kwa hiyo," alisema, "tungewala wako tulivyowala wengine, Mgongo usingefungwa."

"Ndiyo, mama."

"Tungekuwa wezi, ingekuwa afadhali."

"Kwa hesabu, ndiyo."

Alikitazama kijiti cha nne. "Hiyo shule yenu," alisema.

Nilimpigia Daktari simu. Alisikika kama mtu anayejifunika mdomo kwa mto wa kitandani. Alisema kosa ni lake, alipaswa kuwaeleza vizuri, lakini alikuwa mbali na asingewahi mkutano. Mimi ndiye niliyeona, kwa hiyo mimi ndiye wa kusema. Nikaenda kwa Mzee Pius kumwomba aseme kwa niaba yangu.

"Nikisema mimi watasema mzee anaguna tena," alinijibu. "Wewe hujawahi kusema kitu. Ukifungua mdomo watadhani mto umehama."

Mkutano ulikuwa kwenye darasa la tatu la shule ya msingi. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mwenyekiti alisimama mbele ya ubao, na nyuma yake kulikuwa na hesabu za kutoa ambazo hakuna aliyezifuta. Alisema kamati imesikitika, lakini kome wamekwisha, na kilichobaki ni kupiga kura. Akauliza kama kuna mwenye neno.

Nilisimama. Nikakaa. Mzee Pius alinifinya, nikasimama tena. Niliyokuwa nimeandika usiku kucha niliyaacha mezani nyumbani, chini ya sahani. Kilichonitoka ni swali.

"Naomba kuuliza. Nani hapa amewahi kuokota kome mwenye rangi?"

Wanawake wote walinyoosha mikono, na pia mke wa Mwenyekiti.

"Mlimpeleka wapi?"

"Kwenye kijiti," walijibu pamoja, kama darasa la tatu lenyewe.

"Nani alimla?"

Hapo kelele zilianza. Wamle wa mtu? Kwani wamelelewa wapi? Mama Kulwa alisimama ili ionekane ninavyowakosea. Mimi nilibaki nimesimama. Kelele zilipopungua nikasikia mtu anakohoa mbele. Alikuwa Mwenyekiti.

"Mmoja," alisema. "Nilimkuta kwenye mchuzi. Sikuona rangi mpaka nilipofika kwenye gamba."

 Mke wake alimgeukia polepole.

"Kijana," Mwenyekiti aliniambia, na kofia akaivua, "nisamehe. Sikujua ni wako."

"Mwenyekiti," nikasema, na sauti ilitoka nisivyoizoea, "wewe peke yako ndiye uliyeisaidia hesabu."

Nikachukua chaki nikachora sufuria na maharage. Nilichora polepole, ninavyoandika. Nilipomaliza, hata waliokaa nyuma walielewa kwamba Mgongo haukuwa umekwisha. Kilichokuwa kimejaa ni vijiti vyangu, na waliovijaza ni watu wenye adabu. Mwenyekiti aliendelea kunitazama kama shahidi wake mahakamani. Kura ikaahirishwa mpaka kome wahesabiwe upya msimu wa sita, bila rangi.

Namna ya kuwahesabu upya aliitoa Mama Kulwa. Alisema kama nyayo zao zinajua kome alipo, hesabu ifanywe na nyayo. Msimu wa sita ulipofika, wanawake ishirini walipanga mstari kukata Mgongo, mkono kwa mkono, wakatembea kinyumenyume kutoka kichwani mpaka mkiani. Kila aliyemgusa kome alitaja "mkubwa" au "mdogo" na kumwacha, na mimi nikawa nyuma na kaunta buku. Ilichukua asubuhi moja. Kazi hiyo mimi na fremu tulikuwa tunaifanya wiki tatu, bado na kijiti cha nane cha kiboko.

Jibu halikuwa la kusherehekea sana wala la kulia. Wakubwa wamepungua upande wa kijijini, karibu na njia, kuliko siku za Mzee Pius. Wadogo wamejaa mkiani. Daktari alikuja, akakaa na wanawake mchangani, wakakubaliana kwamba mkiani hapaguswi, na popote pengine kome anayepita kwenye bangili anarudishwa akue. Bangili ya kupimia ilikuwa ya Mama Kulwa. Wakabishana saa nzima kama apite akiwa amelala au amesimama, mpaka Mama Kulwa akasema, "Ukimsimamisha, hata mimi napita," wakakubaliana alale. Nilitumwa kununua nyingine kumi kama hiyo. Dada wa Mlabani, safari hii kucha za zambarau, alinikumbuka.

"Yule wa vidole mia tatu? Ana mikono mingapi?"

"Kumi," nikamwambia. Na nilimtazama yeye, si sabuni.

Basi kamati haikupiga kura ya kufunga, bata wapo, na Kulwa na Doto wanaingia kidato cha tatu. Mimi niliona kwamba mtu anayehesabu kwa wiki tatu kitu kinachohesabika asubuhi moja, afadhali apumzike. Nilimwambia Daktari awape kazi Zawadi na Tekla, wenye nyayo. Alikubali haraka kidogo kuliko nilivyotarajia.

Vifaa mmevipata. Fremu inafaa sasa kuanikia dagaa. Kipimo cha chuma mkipake mafuta. Punje ziwe mbichi. Na mkimwambia mtu jambo akaitikia kwa heshima, mwulizeni atafanya nini, kabla hamjaondoka.

Siku ya kukabidhi, Mama Kulwa aliniita pembeni, akatoa kitu ndani ya kitenge chake. Alikuwa namba kumi na saba. Rangi ilikuwa imepauka, lakini saba ilikuwa na mkia wake. Alikuwa amemhifadhi kwenye beseni la maji tangu asubuhi.

"Umestaafu," alisema. "Chukua mali yako, ukapike."

Nilimshika. Akajibana, akanirushia maji usoni, kama siku zote. Nikamkwangua rangi kwa ukucha, polepole, mpaka doa lote likatoka, na namba ikatoka nayo. Halafu nikamrusha majini, mbali kidogo, bila kutazama, kama Mzee Pius alivyonifundisha.

Mama Kulwa alitembea kinyumenyume hatua sita, saba. Mguu wake ukasimama. Vidole vikakamata, vikapandisha. Akampima kwenye bangili akiwa amelala, hakupita. Akamgeuza huku na huku akitafuta alama.

"Huyu hana mwenyewe," alisema, akamtia kwenye ndoo.